Alama ya Chini ya Pipa

Mwaka 2000, ukiacha barabara ya Namanga pale Kitengela na kutembea robo saa kuelekea mashariki, ungefika mahali ambapo vigingi vya viwanja vilikuwa vingi kuliko nyumba. Nyumba ya Mbaluka ilijulikana kwa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa lori la Bedford la rangi ya kijani iliyopauka, lililokaa nyuma ya jikoni na pua yake chini ya turubai. Cha pili kilikuwa pipa la lita mia mbili lililosimama chini ya mfereji wa paa, likiwa limefungwa kufuli.

Wageni walilicheka kufuli hilo. Walioishi Kitengela zaidi ya mwezi mmoja hawakucheka. Maji ya visima vya pale huja na chumvi. Huacha ukoko mweupe ndani ya birika, hukataa kutoa povu la sabuni, na maharagwe yakichemshwa nayo hukaa motoni tangu asubuhi hadi adhuhuri yakiwa bado yanagonga sufuria kama kokoto. Watu huyanywa kwa sababu hawana mengine. Maji matamu ni ya mvua, na Mbaluka aliyaweka ndani ya pipa.

Aliyaweka kwa ajili ya rediata ya lori. Hilo nalo liliwachekesha wageni, hadi walipoelezwa.

Mbaluka alizaliwa Mbooni, akaja Athi River akiwa utingo, akawa dereva wa machimbo ya mawe kwa miaka kumi na minne. Karibu muda wote huo aliendesha Bedford hilohilo. Injini ilipopata joto alisimama kwenye bomba lolote, kisima chochote, hata mabirika ya kunyweshea ng'ombe, akaijaza na kuendelea. Hakuna dereva aliyejali maji gani yanaingia wapi. "Gari halikuwa langu," alikuwa akisema, bila aibu na bila kujitetea, kama mtu anayetaja tarehe.

Mwaka 1997 machimbo yalifungwa. Tajiri hakuwa na pesa za kuwalipa wote haki yao, na Mbaluka akachukua lori badala ya haki yake. Siku aliyolifikisha nyumbani alifungua kifuniko cha rediata na kuingiza kidole. Kidole kilitoka na unga mweupe. Alijua kwamba ndani, kwenye njia ambazo maji hupita kuzunguka moto wa injini, kulikuwa na ukoko wa miaka kumi na minne, na kwamba aliyeuweka ni yeye. Wiki hiyo alinunua pipa. Ikaja ile mvua ya El Nino, pipa likafurika miezi mitano mfululizo, na tangu hapo hakuna tone la kisima lililoingia kwenye lori lake.

Kazi zote za injini alizifanya mwenyewe, pale nyuma ya jikoni. Hakusomea ufundi. Alikuwa amemtazama fundi wa machimbo kwa miaka kumi na minne, naye hakuwa mtu wa kusahau alichokiona. Spana zake zilipangwa juu ya gunia kwa ukubwa, ya kumi hadi ya thelathini na mbili, na akiitoa moja hairudi mahali pa nyingine.

Mkewe Ndunge aliliita lori mke mwenzake. "Mwenzangu ameamkaje?" aliuliza kila asubuhi akipita na sufuria. Mumewe alipotoka chini ya gari na mafuta hadi kwenye viwiko, alimwambia, "Huko ulikolala jana ndiko uoge." Ilikuwa ni mzaha wa watu waliokaa pamoja miaka ishirini na sita, mtoto wao mmoja, Muthama, akiwa Mombasa na barua zake zikija kwa nadra.

Katikati ya mwaka 1999 miguu ya Ndunge ilianza kuvimba. Kichwa kilimuuma upande wa nyuma, na asubuhi uso ulikuwa mzito. Mbaluka alimpeleka hospitali kule Kajiado. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Nanjala, mwanamke mrefu asiyezunguka maneno. Baada ya vipimo alimkalisha Ndunge na kumweleza kwamba presha iko juu na figo zimechoka. Dawa kila siku, asikose. Chakula bila chumvi.

"Na maji mnakunywa ya wapi?" Nanjala aliuliza.

"Ya kisima, Sista."

"Kitengela?"

"Kitengela."

"Basi hata usipotia chumvi kwa chakula, unakunywa. Hauna maji mengine?"

Ndunge alimtazama mumewe. "Mke mwenzangu ako nayo," alisema.

Walirudi nyumbani, na jioni ileile, jua bado likiwaka, Mbaluka alikata fito ya mgunga, akaichonga ikanyooka, akaitumbukiza ndani ya pipa hadi chini. Kisha akachukua msumeno wa chuma na kuikata alama mbili. Ya juu ilikuwa ya pipa lililojaa. Ya chini ilikuwa ya lita sitini hivi.

"Chini ya hii ni yako," alimwambia. "Ya kunywa na ya kupika. Hata injini ikishika moto siyagusi."

"Na mwenzangu akilia kiu?"

"Alie."

Ndunge alicheka, lakini aliishika ile fito akaipitishia kidole kwenye alama, kama mtu anayehakikisha kwamba imekatwa kweli.

Mwaka mzima alama ilishika; alichokunywa Ndunge kilirudishwa na mvua, na mvua ilipokosa, na mitungi michache ya bomba la barabara kuu kila lilipotoa. Ndunge alipata nafuu. Miguu ilirudi kuwa miguu, akarudi kuimba kanisani. Lori lilibeba mchanga, mawe, na siku za soko ng'ombe wa mteja wake Jeylani, na humo ndimo zilimotoka dawa.

Mvua ya mwisho wa mwaka huo haikunyesha. Ya Machi mwaka uliofuata ilinyunyiza siku mbili ikaondoka. Kufikia Julai mwaka 2000 Wamaasai walikuwa wakipitisha ng'ombe katikati ya Kitengela kuelekea Nairobi kutafuta nyasi za kando ya barabara, na nzi walifuata mizoga hadi karibu na shule. Bomba la maji matamu lililopita kando ya barabara kuu lilitoa hewa. Mwenye mkokoteni wa punda aliuza maji ya kisima kila asubuhi, na akiulizwa kama ni matamu alijibu, "Punda anakunywa."

Katikati ya mwezi huo, Mbaluka akirudi kutoka Namanga, injini ilichemka karibu na Ilbisil. Alipovuta kijiti cha mafuta, mafuta yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hakuhitaji kuambiwa. Maji yameingia kwenye mafuta. Gasketi, kizibo cha kati ya injini na kichwa chake, imeungua, na kichwa hicho, ambacho mafundi hukiita hedi, kimepinda kwa joto. Ukoko wa zamani ulikuwa umeziba njia za maji hadi injini ikakosa pa kupumulia. Lori lilivutwa hadi nyumbani kwa kamba.

Siku ya pili Jeylani alikuja kuliona. Alikuwa mtu wa Garissa, mfanyabiashara wa mifugo mjini Kajiado, mwembamba, na koti la suti juu ya kikoi. Alizunguka lori mara moja, akachuchumaa.

"Mzee Mbaluka, niambie ukweli. Hii ni maiti ama ni mgonjwa?"

"Ni mgonjwa."

"Mimi niko na ng'ombe mia mbili kwa zizi na hawana wiki tatu za kuishi. Lazima wafike machinjioni wakiwa wamesimama. Jumatano ya wiki ijayo ukiwa Kajiado saa moja asubuhi, kazi yangu yote ni yako, hii na ya mwaka ujao. Ukikosa, kuna mtu wa Isuzu ananiamkia kila siku kwa salamu ndefu kuliko za mama mkwe."

"Nitakuwa hapo."

"Usiniapie. Fungua injini."

Mbaluka alifungua injini. Alifanya kazi siku saba, alfajiri hadi jua likiishia. Hedi aliipeleka kwa Lazarus, fundi wa mashine mwenye kibanda kando ya barabara, aliyekuwa na uwezo wa kuikwangua hadi ikawa bapa kama kioo. Lazarus aliigeuza, akachokonoa tundu la maji kwa bisibisi. Kipande cha ukoko kikaanguka mezani, kizito, cheupe, chenye matabaka kama ganda la kitunguu.

"Hii ni injini ama ni jino la mtu wa hapa?" Lazarus alisema.

"Kwangua tu."

"Nitakwangua. Lakini imebaki nyembamba, fundi. Mara moja tu, basi. Ukiirudishia maji ya kisima, usiniletee tena. Niletee jeneza lake nilitengeneze."

Nyumbani, Mbaluka alitoa ukoko ndani ya injini kwa waya, kwa magadi, kwa kucha. Alisaga valvu moja moja kwa kijiti chenye mpira, akikizungusha kati ya viganja mpaka kila valvu ikakaa na mstari wa kijivu usiokatika. Jumatatu mchana aliweka gasketi mpya na kurudisha hedi. Hakuwa na spana ya kupimia nguvu. Alikuwa na kipande cha bomba na mkono wake. Alikaza bolti kuanzia katikati kwenda pembeni, mara tatu, kila mara zaidi kidogo. Ndunge alipita bila kusema neno. Alijua kwamba wakati wa bolti hakuna mzaha.

Aliijaza lita ishirini na tano za maji ya mvua. Zilikuwa zake: fito ilionyesha kwamba juu ya alama ya chini zilikuwa zimebaki lita thelathini. Akawasha. Injini ilikohoa, ikashika, ikanguruma kwa dakika kumi. Kisha akaona mapovu kwenye rediata.

Alizima. Alivuta kijiti cha mafuta. Chai ya maziwa.

Kosa alilipata baada ya saa moja. Tundu moja la bolti, la nne kutoka mbele, lilikuwa na kutu na matope ya ukoko chini kabisa. Bolti iligonga matope kabla ya kubana hedi. Mkononi ilihisi imekaza. Haikuwa imekaza. Alikuwa amesafisha matundu kumi na saba na kulisahau moja, au labda alilisafisha wakati jasho liko machoni. Mtu aliyepanga spana kwa ukubwa juu ya gunia. Maji ya mvua aliyoyamwaga yalikuwa na mafuta na hayakufaa hata kwa kuku.

Gasketi ilikuwa bado nzima. Alisafisha tundu, akakaza upya, na Jumanne saa nne asubuhi injini ilikuwa tayari tena. Ilitaka lita ishirini na tano. Juu ya alama zilikuwa tano.

Ndunge alikuwa ameenda kanisani kwenye mkutano wa akina mama. Mbaluka alisimama mbele ya pipa akiwa na fito mkononi. Angeweza kutia maji ya kisima kwenye lori, kwa safari hiyo moja. Hilo alilifikiria, na mwili wake ukakataa, kama vile mwili wa mtu unavyokataa kula kitu alichokiona kikifa. Hedi ilikuwa nyembamba. Lazarus alikuwa amesema. Lori likifa hakuna Jeylani, na pasipo Jeylani hakuna dawa za Ndunge. Aliyapanga hayo kichwani kama spana, moja baada ya nyingine, na yote yalikuwa kweli.

Alifungua kufuli akachota. Alichota ndoo moja, kisha nyingine.

Mwenye punda alikuwa akipita njiani. Mbaluka hakuwahi kumwita kwa ajili ya pipa. Siku hiyo alimwita.

"Leo mzee ananunua?" yule mtu alisema. "Punda, umesikia? Tumekubalika."

"Mimina hapa."

"Kwa hili la kufuli? Si mnasema maji yangu ni ya kuharibu chuma?"

"Mimina."

Yalipokwisha kumiminwa, Mbaluka alitumbukiza fito. Maji yalifika pale pale yalipokuwa asubuhi, juu kidogo ya alama ya chini. Aliifuta fito kwa shati, akafunga kufuli.

Siku iliyofuata saa moja kasoro alikuwa Kajiado. Jeylani alitazama saa, akatazama lori, akasema, "Mgonjwa ametembea." Walipakia ng'ombe ishirini waliokuwa mifupa na ngozi, wengine wakiinuliwa kwa mikia, na lori likavuta hadi machinjioni Athi River bila mshale wa joto kupita katikati.

Aliporudi nyumbani kwa chakula, Ndunge alimpakulia mahindi na maharagwe. Maharagwe yaligonga meno.

"Maharagwe ya mwaka huu ni magumu," Ndunge alisema. Hakuwa akila. Alikuwa akimtazama.

"Yamekaa sana dukani."

"Yamekaa."

"Badilisha duka."

"Nitabadilisha," Ndunge alisema, akachukua sahani yake kuiosha ingawa haikuwa tupu.

Rediata ya zamani haikosi kuvuja. Kila baada ya safari mbili lori lilitaka lita tatu, nne. Mbaluka alichota na kurudisha, akachota na kurudisha. Mara ya pili haikumsumbua kama ya kwanza, na mara ya tano aliifanya akiwa anafikiria tairi. Alijiambia kwamba akipata safari ya Namanga, ambako maji hushuka kutoka mlimani na ni matamu, atarudi na mitungi amwage pipa lote, alijaze upya, na hakuna atakayejua. Lakini ng'ombe wa Jeylani walikwenda upande mmoja tu. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Ndunge aliacha kwenda kwaya. Akasema ni uchovu. Asubuhi hakuuliza tena mwenzake ameamkaje.

Safari ya Namanga ilipatikana katikati ya wiki ya tatu. Mbaluka alibeba mitungi minne ya lita ishirini, akasimama kwenye foleni pamoja na wanawake wauza shanga saa mbili nzima, akiwa mwanamume peke yake, nao wakamtania kwamba mkewe amemfunza vizuri. Aliijaza yote. Alionja kiganja kimoja. Akafunga vifuniko kwa mpira ili tone lisimwagike njiani.

Alifika nyumbani saa nane mchana. Ndunge alikuwa ameketi sakafuni jikoni, mgongo ukutani, miguu imenyooka mbele yake. Miguu haikuwa na vifundo tena. Uso ulikuwa umejaa hadi macho yakawa mistari, na alipumua kama mtu aliyepanda mlima.

"Umerudi," alisema. "Nilikuwa nainuka nikupikie."

Mbaluka alimwinua hadi kwenye kabini ya lori. Hakushusha mitungi. Kutoka Kitengela hadi Kajiado ni kilomita hamsini na kidogo, na alizipita kwa mwendo ambao Bedford lile halikuwa limeuona tangu ujana wake. Injini ilivuta kwa sauti moja, bila kukwama. Karibu na Isinya Ndunge alifungua macho.

"Linavuta vizuri," alisema.

"Linavuta."

"Mwenzangu amepona."

Mbaluka alibadilisha gia. Nyuma yao mitungi iligongana kila lori lilipopita shimo.

"Maharagwe yaliponikataa siku ile, nilijua," Ndunge alisema. "Nilidhani ni maharagwe. Nikaonja maji."

"Mbona hukuniambia, Mama Muthama?"

"Ningekuambia nini? Alama ulikata wewe." Alipumzika kidogo, akatafuta pumzi. "Nikasema, ni wiki moja, lori likae sawa, dawa ziko hapo. Halafu nikasema, akienda Namanga ataleta."

"Nimeleta."

"Nayasikia."

Hospitalini Sista Nanjala aliweka kidole kwenye mguu wa Ndunge, akakiondoa, na shimo la kidole likabaki. Walimlaza. Alasiri Mbaluka alitoka hadi kwenye lori, akamimina maji ya Namanga kwenye kikombe cha bati na kurudi nayo wodini. Nanjala alimkuta mlangoni.

"Hayo ni ya nani?"

"Yake. Ni matamu, Sista. Ni ya mlimani. Niko na mitungi minne hapo nje."

"Mzee, figo hazitoi maji. Kila anachokunywa kinabaki ndani na kinaenda kwa mapafu. Daktari ameandika nusu kikombe."

"Nusu kikombe kila saa?"

"Kwa siku."

Ndunge alikunywa nusu kikombe. Aliyashikilia mdomoni kwanza kabla ya kumeza, akafumba macho. "Haya ndiyo," alisema. Alipoomba tena, Nanjala alitikisa kichwa, na Mbaluka akakitoa kikombe nje na kukaa nacho kwenye benchi hadi jua lilipoondoka ukutani.

Siku ya tatu alimsimamisha Nanjala ukumbini. Alitaka kuuliza jambo na aliliuliza jinsi anavyojua kuuliza.

"Figo zinaweza kufunguliwa zisafishwe?"

"Kuna mashine, Nairobi. Si ya kila mtu, na foleni ni ndefu. Na zake, mzee, zilikuwa zimekwenda zamani. Mwaka jana nilipomwona nilijua ni suala la muda."

"Kwa hivyo wiki tatu haziwezi kuwa ndizo zimefanya hivi."

"Wiki tatu za nini?"

Mbaluka alitazama kikombe. "Nauliza tu," alisema.

Nanjala alingoja, akaona hakuna jingine, akaitwa kwingine. Ndunge alifariki siku ya nne saa tano asubuhi, dirisha likiwa wazi na kelele za ng'ombe zikiingia kutoka sokoni.

Alizikwa kwao Mbooni. Muthama alikuja kutoka Mombasa. Jeylani alitaka kulipia gari la kubebea maiti, Mbaluka akakataa, akasema gari lipo. Aliosha sakafu ya lori mara tatu ili harufu ya mifugo itoke, akaweka jeneza katikati na kulifunga kwa kamba kwa mafundo aliyoyajaribu moja moja. Barabara ya kupanda Mbooni ni ya kona na vumbi, na magari mengi mapya zaidi husimama katikati yapoe. Waombolezaji waliokuwa nyuma walisema baadaye kwamba walishangaa jinsi lori kuukuu lilivyopanda. Muthama, aliyekaa kabini, anakumbuka kwamba baba yake hakuangalia barabara sana. Aliangalia mshale wa joto, njia nzima, na mshale haukutikisika.

Wiki moja baada ya mazishi Mbaluka aliweka beseni chini ya rediata na kufungua kizibo. Maji yalitoka safi, hayana rangi. Aliyaacha yaishe, akayamwaga juu ya mchanga. Kisha alitoka hadi njiani akamngoja mwenye punda.

Yule mtu alimimina bila mzaha. Alikuwa amesikia msiba.

Tangu hapo lori lilikunywa maji ya kisima. Mbaluka alibeba ng'ombe wa Jeylani hadi ukame ulipokwisha, kisha akabeba mchanga, mawe, nyasi zilizofungwa. Kazi ya injini aliifanya kama zamani, spana kwa ukubwa juu ya gunia, mafuta kwa wakati, valvu kwa wakati. Ila maji. Kila mara alipofungua rediata kidole kilitoka na unga mweupe zaidi, naye alikifuta kwenye suruali.

Injini ilikufa Februari 2003, pale Kitengela penyewe, mita mia tatu kutoka kwa Lazarus. Walikokota hedi hadi mezani. Lazarus aliigeuza, akachokonoa, akaweka bisibisi chini. Ufa ulipita kutoka tundu hadi tundu.

"Fundi, hapa uliweka maji gani?"

"Ya mwenye punda."

"Wewe? Wa pipa la kufuli?"

"Mimi."

"Pipa liliibwa?"

"Liko. Limejaa maji ya mvua."

"Sasa si ungechota?"

"Si ya gari," Mbaluka alisema.

Lazarus alimtazama, akataka kusema jambo kuhusu jeneza alilolitaja miaka mitatu iliyopita, akakumbuka msiba. Aliifunga ile hedi kwenye gunia na kumsaidia kuibeba hadi nyumbani.

Kitengela imejaa sasa. Vigingi vimekuwa nyumba za ghorofa, na vijana wanaopanga karibu na hapo humwita Mbaluka Mzee wa Bedford, ingawa hawajawahi kulisikia likinguruma. Lori liko nyuma ya jikoni, bila hedi, matundu kumi na manane ya bolti yamefunikwa kwa turubai. Yote ni safi. Pipa limesimama chini ya mfereji, kufuli limeondolewa, na yeyote anayetaka kuchota huchota. Yeye hupika chai yake kwa maji ya kununua. Kila mwisho wa mwezi hutumbukiza fito, huisoma, na kuirudisha ukutani.